Leo Mwili Umekunyima Nini?

Mwanangu Skola,

Barua tulizofundishwa shuleni zilianza hivi: mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako uliye mbali. Sitaanza hivyo. Kwanza hujawa mbali bado. Umekwenda na mama mdogo Anjela kunyoa nywele hapo barabarani, na mkichelewa nitajua unambembeleza kinyozi akuachie kidogo kwa mbele, jambo ambalo Sista wa shule ya bweni unakokwenda atalimaliza kesho hiyohiyo. Pili, sentensi ile humaliza habari ya afya kabla mtu hajaulizwa, na habari ya afya ndiyo iliyonikalisha mezani mchana huu badala ya kukupigia pasi sketi.

Maelekezo nayapita. Vidonge vya foliki unavijua kuliko mimi, maji unayajua, chandarua kimo ndani ya tranka chini ya mashuka, na sweta nimeiweka ingawa kila mtu ananiambia Turiani ni joto na watu watakucheka. Umezaliwa na selimundu, umeishi nayo maisha yako yote. Sina cha kukufundisha kuhusu damu yako. Ninachotaka kukuandikia ni jinsi nilivyojifunza kumwuliza mtu anaumwaje. Nimeifanya kazi hiyo kwa miaka, watu wananilipa kwa ajili yake, na nyumbani kwangu niliikosea.

Ilianza kliniki. Ulikuwa bado unabebwa. Daktari aliniuliza, "Tangu mwezi uliopita mtoto ameumwa mara ngapi?" Nikasema mara chache. "Chache ni ngapi? Mikono au miguu? Alikuwa na homa?" Sikuweza kujibu. Nilikuwa nimekesha na wewe, nimekukanda kwa maji ya moto, nimekuimbia, na yote yalikuwa yamechanganyika kichwani kama kitu kimoja kirefu kisicho na tarehe. Daktari akaandika maneno mawili kwenye faili. Nilitoka nikijiona mjinga. Nilikuwa nimesoma kompyuta chuo kikuu, nimemaliza nikiwa na wewe mgongoni, na nimeshindwa kumpa daktari taarifa ambayo mwanafunzi wa darasa la tatu angeweza kuichora. Wazo lilianzia hapo: programu ya simu ambayo mgonjwa, au mama wa mgonjwa, angeiambia kila siku mwili umeshindaje, na siku ya kliniki daktari akasoma.

Ilichukua muda kabla sijapata wenzangu. Baraka unamjua, yule anayekula ndizi za kukaanga ofisini na kupaka mafuta kila kompyuta. Yeye aliandika sehemu kubwa ya programu yenyewe. Mimi nilisanifu: nini kionekane kwenye kioo, nini kisemwe, nani aweze kuitumia. Tulikubaliana kwamba haitakuwa ya selimundu peke yake. Iwe ya kila anayeishi na ugonjwa usiopona, kisukari, presha, pumu, baridi yabisi. Na iwe ya asiyeona vizuri, ya asiyejua kusoma, ya mwenye vidole visivyonyooka, ya aliye mlimani ambako mtandao unashika mahali pamoja tu, kwenye kona ya kanisa. Vitufe vikawa vikubwa, kila neno likasomwa kwa sauti, na mtu akaweza kujibu kwa kuongea. Sauti iliyorekodiwa ni yangu.

Niliona aibu simu ianze kumhoji mtu mzima bila kumwamkia. Nimelelewa na bibi yako, ningewezaje? Kwa hiyo kitu cha kwanza ilichosema kila asubuhi kilikuwa, "Shikamoo. Umeamkaje leo?" na jibu la mtu likahifadhiwa kuwa ndiyo hali yake ya siku hiyo. Nilijivunia sana. Nilimwambia Baraka kwamba programu nyingine zinauliza kama polisi.

Basi watu wote tuliowapa waijaribu wakawa salama. Wote, kila siku. Baraka alifurahi.

"Dada, watu wanapona!"

"Kisukari hakiponi, Baraka."

"Basi wamefarijika. Si umewaamkia?"

Wakati huo bibi yako alikuwa ameshuka kutoka Nyandira kwa ajili ya magoti yake, anakaa nasi hapa Bigwa. Nilimpa simu, nikaenda jikoni. Nikasikia sauti yangu ikisema shikamoo, naye akajibu kwa heshima zote, "Marahaba mwanangu, nimeamka salama kabisa, sijui wewe." Simu ikamshukuru. Haukupita muda akapita jirani, mama Hawa, na bibi akaanza: goti hili tangu jana linanitafuna kama panya, usingizi sikuupata, kwenda chooni nimeshika ukuta.

Nikatoka na mwiko mkononi. "Mama, mbona simu umeiambia salama?"

"Imenisalimia."

"Ndiyo, ilikuwa inakuuliza hali."

"We Feli, mtu akikusalimia unamrushia goti? Hata chini hajakaa!" Akamgeukia mama Hawa. "Wasomi wangu hao."

Mama Hawa alicheka mpaka akashika kiuno. "Na hiyo simu itakuwa inashangaa, bibi. Inasema huyu mama ni wa chuma."

Nilichelewa kuelewa kwamba bibi yako hakuidanganya simu. Salamu kwetu ni kubisha hodi. Mtu anasema salama ili mwingine aingie, akae, apumue, ndipo lile neno "ila" lije, na nyuma yake lije goti. Mimi nilikuwa nimejenga kitu kinachobisha hodi kisha kinaondoka.

Tulirekebisha. Simu iliendelea kuamkia, lakini jibu la salamu halikuhifadhiwa popote. Ikisha kuamkia inanyamaza kidogo, kama mtu anayevuta kigoda, ndipo inauliza tena. Hilo swali la pili ndilo lililotusumbua. Kwanza tuliweka namba: maumivu yako leo ni ngapi, kati ya moja na kumi? Mzee Shomari, mstaafu wa reli anayeishi Ngerengere, ambaye kisukari kimemla macho na nyayo, alinisubiri siku nilipokwenda kwake.

"Mama Skola, kumi ni nini?"

"Ni maumivu makubwa kuliko yote, mzee."

"Yaani kufa?"

"Karibu na hapo."

"Basi mimi hata sita sijafika, kwa kuwa nipo. Na siku nikifika kumi nani atabonyeza?"

Mkewe, Bi Zuhura, akajibu kutoka uani, "Nitakubonyezea mimi, wala usihofu."

Nilipomaliza kucheka nilimwuliza, sasa yeye anajuaje kama leo ni mbaya kuliko jana. Alifikiri. "Jana niliswali nimesimama," akasema. "Leo nimeswali nimekaa."

Nilirudi na sentensi hiyo, nikaanza kuwasikiliza wengine kwa sikio jingine. Hakuna aliyepima maumivu kwa namba, wala kwa zile sura za katuni zinazolia. Walipima kwa kilichowashinda. Bibi yako alishindwa kuinuka kwenye kigoda bila kushika mlango. Mama mmoja mwenye pumu alishindwa kupuliza moto. Wewe, ukiwa bado mdogo, uliniambia, "Leo nimetazama tu wanaoruka kamba." Swali likawa hili: leo mwili umekunyima nini? Watu walijibu, na kwa kirefu. Madaktari walinung'unika kidogo kwamba walizoea namba, kisha nao wakaona kwamba mtu anayeswali amekaa wiki nzima ameshaeleza vya kutosha.

Hadi hapo ni habari ninayopenda kuwasimulia wageni. Inayofuata siisimulii.

Tuliweka sehemu ya mlezi. Mgonjwa akieleza jambo baya, ujumbe uende papo hapo kwa ndugu yake wa karibu, mgonjwa mwenyewe asihitaji kubonyeza chochote. Niliidai mimi. Baraka hana mtoto, hakubisha. Ulipofika darasa la tano ulipewa simu ndogo ya kukaa nyumbani, ukawa unajaza asubuhi kabla ya shule na jioni ukirudi, na mlezi wako nilikuwa mimi.

Yaliyofuata unayakumbuka, lakini labda hukuyaona kutoka upande wangu. Ukisema asubuhi kwamba mguu umekunyima kushuka kitandani haraka, ujumbe ulinikuta njiani kwenda kazini. Nilimpigia mwalimu. Nilituma bodaboda ikurudishe. Nilikutoa netiboli, kisha kwaya, kwa sababu mazoezi yalikuwa jioni na jioni upepo unashuka kutoka mlimani. Nilifuta safari ya Krismasi kwa bibi. Kila mara nilikuwa na sababu na kila sababu ilikuwa ya kweli. Kama ingekuwa kesi, ningeshinda. Sikuona kwamba kila uliposema ukweli ulitozwa kitu.

Ndipo ukaanza kuwa salama. Mwezi ukaisha, ukaja mwingine. Nilimwambia Anjela, "Mtoto ametulia, dawa mpya zimemkubali." Baraka alipoona mistari ya majibu yako akasema wewe ndiye mfano wetu. Mimi niliyecheka salama za bibi yako niliziamini zako bila hata kukuvutia kigoda.

Julai ile ulikuwa darasa la sita. Binamu yako Gaspa alikuwa anapokea komunyo ya kwanza kule Nyandira, nawe ulitaka kwenda. Nikasema: ukimaliza wiki nzima bila maumivu, tutapanda. Nilijiona mzazi wa haki. Ukamaliza wiki nzima bila maumivu. Tukapanda.

Baridi ya huko Mgeta mwezi wa saba tunaijua. Ukungu unakaa mabondeni hadi watu wanakwenda misa, na mtu akiongea mdomo unatoa moshi. Ulikaa kanisani umevaa sweta mbili na kitenge cha bibi juu yake. Bibi akakutania mlangoni, "Mke mwenzangu, leo umevimba kama gunia la karoti, mume wetu atakukimbia." Ukacheka. Wakati wa matoleo watoto wenzako walijipanga, wewe ukabaki umekaa. Nilikuona, Skola. Nilikuuliza kwa macho, ukatikisa kichwa kwamba hamna kitu, nami nikageuka mbele kwa sababu simu ilikuwa imeshanijibu.

Sherehe haijaisha ulikuwa umejikunja juu ya kitanda cha bibi, unauma blanketi ili wageni wasisikie. Gari lililokuwepo ni fuso la mboga lililokuwa linapakia kwenda Dar. Mjomba wako Deo alizungumza na dereva, utingo akapanda juu ya mzigo, sisi tukaingia kabini. Nilikupakata kwenye kona zote zile za mlimani hadi barabara kuu, Sangasanga, kabichi nyuma yetu, na dereva kila mara akiuliza, "Mama, binti anaendeleaje?" Nami nikimjibu, "Hajambo, baba, twende tu." Hata mimi. Hata pale.

Hospitalini walikuwekea dripu na dawa ya maumivu, baadaye damu. Siku uliyoweza kuongea vizuri nilikuuliza kabla hujanywa hata uji.

"Kwa nini ulijaza salama?"

Ulitazama dirishani. "Nilitaka kwenda."

"Lakini simu haikukuuliza habari ya safari. Imeuliza mwili umekunyima nini."

"Mwili haujaninyima kitu, mama." Hukuwa na hasira. Ulisema kama mtu anayemrekebisha mtoto hesabu. "Netiboli ulininyima wewe. Kwaya ulininyima wewe. Krismasi wewe."

Mama wa kitanda cha pili alikuwa anamlisha mwanawe. Kijiko kikasimama hewani. Akasema kwa sauti ya chini, "Kasema huyu," akaendelea kulisha.

Siku ile sikukujibu. Nakujibu sasa: ni kweli.

Niliogopa, na nilikuwa na haki ya kuogopa. Nimekaa kwenye foleni za kliniki na akina mama ambao baadaye hawakurudi. Lakini hofu yangu niliifanya kazi yako. Ulikuwa na miaka kumi na mbili na ulikuwa unamtuliza mama yako kila asubuhi kwa kubonyeza salama, kisha unakwenda shule na mguu wako.

Niliporudi kazini nilisema sehemu ya mlezi ivunjwe. Baraka hakunielewa.

"Dada, umetoka wodini na mtoto aliyeficha maumivu, halafu unataka kuficha kuwe rahisi zaidi?"

"Alificha kwa sababu nilikuwa nasikiliza."

"Na asiposema kabisa?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Sijui, Baraka. Twende tuwaulize wengine."

Tukawauliza. Mzee Shomari alitusikiliza akiwa ameegemea ukuta, akacheka. "Mwanangu akipata ujumbe wangu, sukari inafichwa nyumba nzima. Hata mgeni anakunywa chai kama maji ya hospitali. Kwa hiyo mimi siku hizi mzima."

"Mzima wa kwenye simu," Bi Zuhura akasema.

Yule mama wa pumu naye alikuwa amenyamaza tangu zamani. Mlezi wake alikuwa mumewe, na mume akipata ujumbe anamzuia kwenda sokoni kuuza nyanya zake. Tulikuwa tumejenga kitu kinachowafundisha wagonjwa kukaa kimya, na kilikuwa kinawafundisha kwa sauti yangu.

Sasa anayeumwa anajaza ya kwake. Hakuna anayepata ujumbe mpaka yeye abonyeze, na akibonyeza anachagua amwambie nani na anataka nini: ujue tu, unipigie, au uje. Hicho kipande cha mwisho ni chako. Ulikisema unamenya chungwa, bila kunitazama: "Tatizo, mama, watu wakijua wanakuja wote. Wengine ungetaka wajue halafu wabaki hukohuko."

Sina uhakika kwamba tumefanya sawa. Nakuandikia hivyo kwa sababu huko uendako utakutana na watu wazima wengi wenye uhakika. Kuna siku naamka nikimwaza mtu fulani mlimani ambaye alipaswa kubonyeza na hakubonyeza, na sina cha kujitetea mbele yake. Ninachojua ni Jumamosi ile ukiwa darasa la saba. Nilikuwa ofisini, ujumbe ukaingia: "Mgongo. Umeninyima kubeba ndoo. Ujue tu."

Nilichukua mkoba, nikafika mlangoni. Baraka akainua kichwa.

"Dada. Kasema ujue tu."

Nikarudi kukaa, mkoba begani. Sijui nilifanya kazi gani. Nadhani nilikuwa nafuta mstari na kuuandika uleule. Baadaye ukaja mwingine: "Sasa uje." Nikakuta umekunywa maji, umemeza dawa, umejifunika, na kadi ya kliniki umeiweka juu ya meza. Tukaenda hospitali, tukarudi jua lingali juu. Katika miaka yetu yote hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuyafikia maumivu kabla hayajatufikia.

Na sasa unakwenda mahali ambapo simu haziruhusiwi.

Ulikuwepo nilipomwomba Sista mkuu wa shule. Nilimweleza programu nzima, vitufe, sauti, kila kitu, naye alinisikiliza kwa subira ya mtu ambaye ameshajua atakachosema. "Mama Skola, nikiruhusu moja, baada ya Jumapili ya wageni nitakuwa nazo mia. Matroni yupo. Zahanati iko ndani ya uzio." Nilitoka nimekunja uso. Nilikuwa tayari kukutafutia shule ya kutwa hapa mjini, na njiani kurudi, tulipofika Magole, nikakwambia hivyo.

"Mama," ukasema, "si nina mdomo?"

"Unao. Umejaa sijambo."

Tulicheka wote wawili, lakini nilikuwa nimesema ninachokiogopa, na sijaacha kukiogopa. Matroni atapita bwenini, atawauliza, "Wanangu, hamjambo?" nanyi mtaitikia kwa pamoja, nawe utaitikia na mguu wako ukiwa unawaka, kwa sababu umelelewa vizuri. Hapo hakutakuwa na simu ya kunyamaza kidogo na kuuliza tena. Ukisema mapema, ni maji, dawa, na siku moja ya kulala. Ukichelewa, unajua ni nini. Usipokuwa na mtu wa kukuuliza mara ya pili, itabidi ulitafute swali la pili mwenyewe.

Nakujua kwa sababu najijua. Nilipokuwa na mimba yako, mwaka wa pili chuoni, bibi yako alikuwa akinipigia kila Jumapili, amesimama pale penye mtandao kwenye kona ya kanisa. Hujambo? Sijambo, mama. Masomo? Mazuri. Umeshakula? Nimeshakula. Nilikuwa na adabu sana. Akaja kuambiwa na mwanamke wa kijijini aliyeniona sokoni. Hakunipigia. Alishuka na kiroba cha viazi, akaingia chumbani kwangu, akakaa kitandani, akasema, "Nilikuuliza kila Jumapili." Baba yako, ambaye sasa yuko Mbeya na anakupigia sikukuu, alikuwa ameshakimbilia kwao. Mimi nilikuwa nimebaki na adabu yangu, na ilikuwa imemweka nje mtu pekee aliyekuwa na nia ya kuingia.

Kwa hiyo matroni akikusalimia, mwitikie. Sijambo ni neno zuri, sikwambii uliache. Ila ukishalisema usiondoke. Simama palepale. Watu wengi humaliza kazi ya siku kwa lile sijambo, na atadhani wewe pia umemaliza. Akiona bado umesimama atakutazama, na akikutazama mwambie kilichokushinda. Nimeshindwa kufua. Nimeshindwa kusimama mstarini. Neno "naumwa" kila msichana analisema siku ya mtihani. "Nimeshindwa kufunga vifungo vya shati" hakuna anayelitunga.

Wako watakaosema unadeka. Wako watakaosema inaambukiza. Hao wa pili waeleze mara moja. Wakirudia, waache na hao wa kwanza.

Na watakunyima vitu. Watakwambia usikimbie, usiende safari ya wenzako, usishike jembe, na mara nyingine watakuwa sahihi na mara nyingine watakuwa wameogopa tu kama mimi. Bishana nao. Nakuruhusu kabisa, unabishana vizuri. Ila bishana nao maumivu yakiwa wazi mbele yenu. Usishinde kwa kuyaficha, kwa sababu nimeuona ushindi wa namna hiyo, niliupakata kwenye fuso.

Barua ya daktari imo kwenye faili, hiyo lazima wapewe. Mimi nilikuwa nimemwandalia matroni maelezo yangu mengine, kurasa nyingi, kila dalili na kila ishara ya uso wako. Nimeyasoma tena kabla ya kuanza kukuandikia. Ni sehemu ya mlezi ileile, safari hii imeandikwa kwa kalamu. Sitampa.

Kesho mjomba Deo atakuja na pikapu aliyoiazima, na tukifika matroni atatoka kutupokea. Mtasalimiana. Kisha atanigeukia mimi, maana watu wazima humwuliza mzazi hata mtoto akiwa amesimama mbele yao, ataniambia, "Mama, mtoto ana tatizo lolote la afya tunalopaswa kulijua?" Jibu ninalo. Nimelipanga kwa miaka kumi na mitatu. Nitamwambia, "Muulize mwenyewe, matroni," halafu nitarudi kwenye gari kushusha godoro lako, na nitalishusha taratibu, nikiwa mbali kiasi cha kutosikia unachomwambia.

Mama yako,
Felista